Usumba Nisiouosha

Wete,
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa Mama yangu, Kojani.

Assalamu alaykum. Nakushika miguu kutoka huku nilipo, na natumai barua hii inakukuta u mzima na mgongo umepunguza kuuma. Je, Baba amerudi kutoka dago, kambini kwa wavuvi, au bado? Shaame mwenye mashua aliniambia kwamba hawajaonekana, lakini alilisema kama habari ya kawaida, basi sikutia wasiwasi. Na Asha, kikohozi kimemwacha? Mwambie kitabu cha picha nilichomwahidi nimekipata, nitamletea tukifunga skuli. Mimi mwili wangu hauna kitu. Nakula vizuri, na usingizi naupata, ila kwa siku hizi tano, na sababu yake ndiyo hii barua.

Utaona nimeandika kwa herufi za Kiarabu, na mkono wangu umekuwa mzito kwa kuwa skuli hatuandiki hivyo. Nimetaka usome mwenyewe. Ningeandika kama tunavyoandika darasani ungemwita mwalimu akusomee, na yaliyomo humu sikutaka yapite kwenye mdomo wa mtu mwengine kabla ya kufika kwako. Ukishasoma, ukitaka kumpa mtu, mpe.

Unalikumbuka gari la Mzee Bakari, huyu mume wa Shangazi, ingawa ulipokuja kwa Shangazi mwaka juzi lilikuwa bandani limefunikwa turubai. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mashine yake haina matata makubwa. Mzee Bakari huifungua na kuifunga mwenyewe, na mafuta hayamtoki kwenye kucha hata siku ya Idi. Tabu ilikuwa ndani. Dari lilining'inia mpaka likamgusa mtu kofia, milango ilibaki mabati matupu, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Shangazi husema hilo si gari, ni banda la kuku lililotiwa magurudumu.

Sasa Raya anaolewa, hilo unalijua, na mume ni wa Gombani, kule Chake. Mzee Bakari akaapa kwamba binti yake hatapandishwa gari la kuazima wala la kukodi. Ataondoka Wete ndani ya gari la baba yake. Kwa hiyo ndani pashonwe upya, na msaidizi ni mimi, kwa kuwa yeye kazini anatoka saa nane na mimi skuli natoka saa saba.

Mama, kazi hii niliipenda. Nakueleza yote ili ujue sikuwa nimeifanya kwa uvivu. Kwanza tulitoa viti. Ngozi yake ilikuwa imekauka, ukiishika inabaki mkononi kama ganda la kitunguu. Chini ya ngozi mlikuwa na vitu vya rangi ya udongo, vimeshikamana, na Mzee Bakari akadhani ni majani. Nikamwambia ni nywele za farasi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi miaka yote hii amekuwa akipanda farasi na hakujua. Nikamletea kijitabu cha Kiingereza nilichokiazima skuli, kinachoeleza namna ya kutengeneza viti na magodoro, nikamfasiria ukurasa mzima. Nilipomaliza akaniita mwalimu. Tangu siku hiyo akawa hang'oi msumari bila ya kuuliza, "Mwalimu, kitabu kinasemaje?" Unanijua nilivyo mtu wa haya. Wiki mbili zile nilitembea kichwa juu.

Dari tulilibandua lote, na panya walikuwa wamezaa humo. Nikachora mfano wake juu ya magazeti yaliyounganishwa, na Fundi Hamad, mshoni wa mtaani kwetu, akashona jipya kwa kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Milango tukaipigilia mbao nyembamba na kuivisha kitambaa hicho hicho. Sakafuni palikuwa na tundu ambamo ungeweza kuiona barabara ikipita. Mzee Bakari akaliziba kwa bati, na Shangazi akashona jamvi la kutandika juu. Pakabaki kujaza viti. Nywele za farasi hapa nani anazo? Sufi nayo ikikaliwa mwezi mmoja imekuwa chapati. Shangazi ndiye aliyesema usumba, hizi nyuzi za makumbi ya nazi. Akasema Pemba nzima hajaona usumba mrefu na laini kama wa wifi yake, kwa sababu makumbi yako unayaacha kwenye tope la pwani muda wake, huna pupa ya kuyafukua kama wengine. Aliyasema hayo mbele ya Mzee Bakari na mbele ya Raya. Nayaandika ili ujue jina lako lilivyokuwa humu nyumbani kabla mimi sijalitia mkono.

Ukaleta magunia mawili kwa mkono wa Shaame. Maneno uliyompa aliyafikisha yote, usije ukamshuku. Alisimama mlangoni akaniambia kwamba huko maji ya kunywa tu mnayafuata kwa chombo, hukuweza kuyamwaga kuoshea usumba. Kwamba usumba wa kamba hauoshwi, chumvi haiudhuru, lakini huu ni wa kukaliwa na watu. Niuoshe kwa maji ya mfereji mara tatu, mpaka maji yatoke meupe, kisha niuanike mpaka ulie ukiushika. Nikamwambia nimesikia, na kweli nilisikia. Kitabu nacho kilisema hivyo hivyo, kuwa kitu cha kujazia kiti kioshwe kwanza. Nilikuwa na maneno mawili, yako na ya kitabu, na yote yalisema jambo moja.

Sasa nakueleza kitu ambacho sijapata kukueleza. Darasani wapo vijana wanne wanaonitania kwa kuwa natoka Kojani. Nikipata alama nyingi husema majibu nimeyavua kwa wavu. Nikivaa kanzu safi hunusa hewa, wakaulizana kama soko la samaki limehama. Mimi sijibu, hufungua kitabu nikajifanya nasoma. Wewe ukiniuliza juu ya skuli nasema njema, na si uongo, masomo ni mema.

Mfereji wetu, bomba la mtaa mzima, uko njia panda, na alasiri ndipo wanafunzi wanapopita kwenda kucheza mpira. Nilibeba gunia la kwanza mpaka pale, nikaweka na ndoo. Kina mama wawili walikuwa mbele yangu, nikangoja zamu. Kabla sijafungua mdomo wa gunia nikawaona wale vijana wanakuja na mpira wao. Mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nimeacha skuli nimeanza kusokota kamba. Nikamwambia gunia si langu. Nilisema hivyo, Mama, na huku nimelikumbatia. Halafu nikalibeba nikarudi nalo, na kicheko chao kikanifuata mpaka nilipopinda kona.

Nikajiambia nitaosha kesho. Kesho yake nikajiambia mbona umekauka, hauna hata tope. Siku ya tatu Mzee Bakari akasema tujaze, nikajaza. Nilikuwa nimeuanika juani tu. Tulitandika gunia juu ya springi, tukaweka usumba, tukauvuta pembeni kama kitabu kinavyoagiza, tukavisha kile kitambaa cha maziwa. Viti vilipendeza. Mzee Bakari alikaa cha mbele, akaenda akakaa cha nyuma, akarudi mbele, hakutaka kushuka.

Baadaye mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Jumatatu akaja Bi Time, shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima anayeheshimiwa sana kwao, kuja kupanga mambo ya harusi. Alikuja kwa gari la abiria. Mzee Bakari akasema hatarudi hivyo, atamfikisha mlangoni kwake Gombani kwa gari lake, alione hilo litakalomleta bibi harusi. Mimi nikakaa mbele, Shangazi na Bi Time wakakaa nyuma. Njiani mvua ikaanza tena, tukapandisha vioo.

Hatujafika mbali nikaisikia harufu. Ilikuwa ile ya shimo la makumbi linapofukuliwa. Kwetu hiyo ni harufu ya kazi, hakuna anayeziba pua. Mle ndani vioo vimefungwa ilikuwa kama mtu wa tano aliyepanda bila ya kualikwa. Bi Time alikuwa akizungumza habari za wapishi, akakatiza. Akasema, "Bwana Bakari, gari hili ulilinunua au ulilivua?" Mzee Bakari akacheka peke yake. Mimi nilitazama mbele.

Tulipofika Gombani mvua ilikuwa imekata na wanaume wamejaa baraza ya jirani, wanabishana habari za vyama. Bi Time akateremka. Chumvi ya ule usumba ilikuwa imenywa unyevu siku zote zile, na mtu alipoikalia ikautema. Buibui lake lilikuwa limelowa nyuma na kumganda. Alipolinyanyua kupanda ngazi, kanga yake nyeupe ikaonekana ina doa kubwa la rangi ya chai. Ubishi barazani ukasita. Jirani mmoja mwanamke akamwendea haraka akamfunika kwa mtandio wake. Mtu mzima kama yule, Mama, mbele ya mlango wake mwenyewe, na yote kwa ajili ya ndoo tatu za maji.

Mzee Bakari akafungua mlango wa nyuma, akakikandamiza kiti kwa kiganja. Maji ya rangi yakamtoka baina ya vidole. Akageuka.

"Faki, mama yako hakusema huu usumba uoshwe?"

Hakuniita mwalimu. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Hakusema," nikajibu. "Hakusema kitu."

Bi Time akasema, "Atasema nini, masikini? Watu wa Kojani waulize ngalawa. Huko kwao haipiti hata baskeli, nyinyi mnawapelekea viti vya gari."

Watu wakacheka. Shangazi naye, aliyezaliwa huko nyumba ya tatu kutoka kwetu, alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni.

Tukarudi Wete. Nyumbani Shangazi akanituma nikuandikie. Akasema nikueleze kwa lugha laini kwamba usumba wa safari hii haukuwa mzuri. Akasema pia ile mikeka miwili unayomsukia Raya uiache huko huko, asije Bi Time akapata la kusema mbele ya watu wa harusi. Uje wewe tu, mikono mitupu. Najua mikeka ile uliianza kabla ya Ramadhani, na ukindu wake uliutia rangi mara mbili kwa kuwa ile ya kwanza hukuipenda. Nikaitikia. Niliitikia kama nilivyomwitikia Shaame.

Barua hiyo niliianza mara nne, na mara ya nne niliifikisha karibu na mwisho, pahala pa kuandika salamu. Ilikuwa jana, baada ya kutoka msikitini. Nikamfuata Shangazi jikoni nikamwuliza niandike salamu gani zake. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasema, "Mwandikie namsalimu sana, na asione kuwa tumemsema." Nilitaka kuandika. Mkono ukakataa. Nikamwambia pale pale kwamba wewe ulisema, kwamba Shaame alinifikishia, na kwamba nilikwenda mpaka mferejini nikarudi.

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikalia, ingawa nazi ilikuwa imekwisha. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Siku tano nakula nyama ya wifi yangu. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiniandalia sahani."

Akaniambia Mzee Bakari nimweleze mwenyewe, yeye hatanisaidia hata neno moja.

Mzee Bakari nilimkuta bandani. Alinisikiliza mpaka mwisho akifuta springi kwa kitambaa chenye mafuta, kwa kuwa zilikuwa zimeshaanza kutu. Akaniuliza kama nilidhani atanipiga. Nikasema sikuogopa kupigwa. "Basi uliogopa nini?" akauliza. Nikashindwa. Akasema kwamba aliniuliza mbele ya watu nami nikamjibu mbele ya watu, kwa hiyo na hili litasemwa mbele ya watu. Asubuhi twende Gombani.

Ndiko tulikotoka leo. Mzee Bakari alibaki garini, amekalia gunia kwa kuwa viti tumevitoa. Nilibisha hodi mwenyewe. Barazani kulikuwa na wale wale, na Bi Time alikuwa ndani akichagua mchele na wenzake wawili. Unajua mimi mbele ya wanawake nisiowajua hata salamu hunikwama. Nilisema nikitazama ungo. Nilisema mama yangu aliagiza usumba uoshwe mara tatu, na maneno yake niliyapata, na sikuosha, na nilipoulizwa nikamsingizia. Nilisema kwa sauti ili na wa barazani wasikie, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikamwomba radhi kwa kanga yake.

Wenzake waliinama wakichagua mchele. Bi Time akaniuliza jina la mama yangu, nikamtajia. Akauliza, "Yeye anajua kuwa umemsingizia?"

Nikasema bado.

"Basi kwangu umekuja mapema. Mimi nililowa buibui, nikalifua. Nenda ukaanze kwake."

Aliurudia ungo wake. Tukarudi Wete, na nimekaa kuandika tangu adhuhuri, karatasi hii ni ya tatu.

Lile swali la bandani nilishindwa kumjibu Mzee Bakari, lakini jibu ninalo, na ni lako wewe. Niliogopa kuonekana mtoto wako. Nimeliandika haraka ili nisirudi nyuma. Kila alama ninayoipata humu skuli, kila kitabu, vimetoka katika mikono hiyo iliyonuka tope, na mimi mbele ya vijana wanne na mpira nikasema gunia si langu. Kisha nikalisema tena Gombani kwa maneno mengine. Usumba wako haukuwa na kosa lolote.

Viti vitakuwa tayari kabla ya harusi, hilo lisikutie shughuli. Raya alipoambiwa alinipa chai bila ya sukari, na sukari ipo. Shangazi amenitaka niandike maneno yake kama alivyoyatamka: kwamba wifi yake amsamehe kwa yote aliyoyasema na aliyoyacheka, kwamba mikeka yote miwili uilete, na kwamba siku ya harusi atakutandikia hiyo hiyo ukae juu yake, yeye ubavuni mwako, na atakayetaka kunusa aje.

Nisalimie Baba atakaporudi kutoka dago, na haya yote mweleze wewe kwa namna utakayoona inafaa. Nisalimie Bibi, mama yake Baba, na umwambie macho yangu hayajaharibika kwa kusoma. Nisalimie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha herufi hizi, na Asha mdogo wangu, na jirani yetu mshona nyavu. Shaame ndiye mchukuzi wa barua hii. Nimemwambia na yeye kuwa ujumbe wake niliuangusha.

Mama, najua ulivyo. Mtu akikukosea husema "si kitu", ukaendelea na kazi uliyokuwa nayo. Safari hii nakuomba usiniambie hivyo. Ni kitu. Ukija, nisemeze maneno yatakayokuwa moyoni mwako, hata yakiwa mazito, niyasikie yote mpaka uyamalize. Baada ya hapo, ukiona yafaa, ndiyo unipe radhi yako.

Ni mimi mwanao,
Faki